Sanduku la Miche Linaloukimbia Mto

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Garissa na Hola, hufika Garsen, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini, baada ya mwendo wa kilomita 1,000 hivi. Katika sehemu ya mwisho ya safari hiyo, ambako nchi ni tambarare na mto huenda ukipindapinda, ndipo kilipo kijiji cha Kulesa. Wakazi wa huko, ambao wengi wao ni Wapokomo, hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kwa rutuba iletwayo na mto wenyewe. Mto ukijaa kwa kiasi huacha tope lenye chakula kingi cha mimea. Ukijaa kupita kiasi huchukua kila kilichopandwa. Hivyo mto mmoja huo huo ndio mlezi wa shamba, na ndio mwizi wa shamba.

Mlezi hawezi kufukuzwa, na mwizi hawezi kufungwa jela. Lakini mtu mwenye busara aweza kuiondoa mali yake njiani kabla mwizi hajapita. Makala haya yaeleza jinsi vipande vya mbao vilivyotupwa uani vinavyoweza kutengenezwa sanduku la kuoteshea miche, ambalo watu wawili huliinua na kuondoka nalo maji yanapokuja, pamoja na vyombo vingine vidogo vya bustani, bila kukata mti hata mmoja wa msitu wa kando ya mto.

HASARA ISIYOHESABIWA

Mafuriko makubwa ya Tana hayasahauliki. Ya mwaka 1961 yamebaki katika masimulizi ya wazee. Ya mwaka 1997 na 1998, yaliyoletwa na mvua za El Niño, yaliharibu mashamba na barabara nyingi. Mwaka 2018 watu wengi wa bonde la chini walihama makwao, na wakahama tena mwishoni mwa mwaka 2023 na katika miezi ya Aprili na Mei 2024.

Habari za mafuriko hutaja nyumba zilizoanguka, mifugo iliyokufa na mahindi yaliyozama. Ipo hasara nyingine ambayo ni ndogo kwa macho, na kwa hiyo haitajwi: hasara ya kitalu cha miche. Mama wa nyumba apandaye sukuma wiki, nyanya, biringani au pilipili huanza kwa kuotesha mbegu mahali padogo, na mahali hapo kwa kawaida huwa karibu na maji, ili kumwagilia kuwe rahisi. Basi mto unapopanda, kitalu ndicho kimezwacho kwanza.

Ubaya wa hasara hiyo huonekana baadaye. Maji yakisha kushuka, ardhi huwa imelowa vizuri na tope jipya limetanda juu yake. Hizo ndizo siku bora za kupanda mboga. Lakini miche haiko tena. Mtu akianza upya kwa mbegu, miche ya sukuma wiki au nyanya itahitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kufaa kuhamishwa, na ya pilipili huzidi hapo. Katika muda huo jua la Tana haliwi limelala. Udongo mzito wa bonde hukauka, hukakamaa na kupasuka nyufa. Nafasi nzuri imepita, na jamaa nzima itanunua mboga sokoni kwa fedha ambazo mafuriko yamekwisha kuzipunguza.

Mkulima ambaye miche yake iliokoka hupanda mara ardhi inapokanyagika. Yeye amewatangulia wenzake kwa mwezi mzima. Tofauti kati ya watu hao wawili ni sanduku moja la mbao.

KWA NINI MSITU USIGUSWE

Mtu akihitaji miti kwa kazi za bustani, mawazo yake ya kwanza ni kuchukua panga na kuelekea mtoni. Miti michanga ya huko imenyooka na iko karibu. Lakini msitu wa Tana ni ukanda mwembamba tu. Miti yake huishi kwa maji ya mto yanayopenya chini ya ardhi, na mtu akienda mbali kidogo na ukingo hukuta nyika kavu. Mizizi ya miti hiyo hushika udongo wa ukingo. Ikiondolewa, maji hula ukingo kwa haraka zaidi, na pamoja na ukingo huondoka miembe, migomba na hata viwanja vya nyumba.

Zaidi ya hayo, misitu ya sehemu hii ya chini ya mto ni makao ya nyani wa namna mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Kwa ajili yao serikali ilitenga hifadhi ya wanyama upande wa juu ya mto mwaka 1976, lakini baadhi yao huishi nje ya mipaka ya hifadhi hiyo, katika vipande vya msitu vilivyo karibu na vijiji. Mti mchanga ukatwao leo ili kushikilia mche wa nyanya kwa miezi mitatu ungalikuwa mti mkubwa kwa wajukuu. Mabadilishano hayo hayana faida.

MBAO ZILIZO NYUMBANI

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kwenda mbali, mtu atazame uani kwake. Hapo aweza kukuta kasha la matunda lililovunjika, matendegu ya kitanda cha kamba kilichochakaa, ubao wa mlango wa zamani, pau zilizoshushwa paa lilipotengenezwa upya, mpini wa jembe uliokatika, kinu kilichopasuka, au mtumbwi ambao hauwezi tena kuvusha mtu. Kila kimoja cha vitu hivyo kina kazi yake bustanini.

Matawi ya mwembe yapunguzwayo ili mti upate mwanga yafaa pia. Mbao za mwembe ni laini na rahisi kukata, lakini huoza upesi zikikaa ardhini, na mchwa huzipenda. Kwa hiyo zitumike mahali palipoinuka, wala zisifukiwe. Utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine. Afanyaye kazi hiyo anawe mikono.

Kwa vigingi na miguu inayosimama ardhini, uko mti mmoja ambao kuukata si dhambi, bali ni msaada kwa nchi. Huo ni mathenge. Mti huu asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Uliletwa katika nchi kavu za Kenya ili kuzuia upepo wa mchanga na kutoa kuni, na katika miaka ya 1980 ulipandwa pia katika sehemu za Tana, kama vile Bura. Tangu hapo umetapakaa wenyewe, ukafunga njia, ukasonga malisho ya Waorma na mashamba ya Wapokomo. Sheria ya Kenya sasa inauhesabu kuwa gugu baya. Lakini moyo wa mti huo ni mgumu, na mchwa hauwezi kwa urahisi.

Mwenye kukata mathenge ajihadhari na mambo matatu. Kwanza, miiba yake huingia ndani sana na jeraha lake huvimba. Avae viatu vyenye soli nene. Pili, kisiki kikiachwa juu ya ardhi huchipua kuliko mwanzo. Kikatwe angalau inchi 4 chini ya uso wa ardhi. Tatu, maganda yenye mbegu yasibebwe pamoja na fito na kuletwa bustanini, maana huko ni kumkaribisha adui nyumbani. Fito zikisha kukatwa ziambuliwe magome mara moja, kisha zianikwe kivulini wiki 3 au 4 kabla ya kutumiwa.

MBAO ZISIZOFAA

Si kila ubao wa bure ni ubao mwema. Vipande vya nguzo za umeme au za simu vimenyweshwa dawa kali za kuua wadudu. Dawa hizo zaweza kuingia katika udongo. Visiguse kitalu cha mboga, wala visichomwe jikoni. Mbao zilizopakwa rangi zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru hasa watoto. Ubao unaonuka mafuta ya mashine au dawa ya shamba nao uachwe. Ubao mweupe usiopakwa kitu, hata ukiwa na mipasuko na matundu ya misumari, ni bora kuliko ubao mzuri ambao mtu haijui habari yake.

KUTENGENEZA SANDUKU

Vifaa vinavyohitajiwa ni msumeno, nyundo, kamba ya kupimia na misumari. Misumari ya zamani yaweza kung’olewa na kunyooshwa juu ya jiwe. Kipimo chema cha sanduku ni urefu wa futi 2, upana wa futi 1, na kina cha inchi 4. Kazi yote hutaka ubao wa futi 13 tu, yaani futi 6 za upana wa inchi 4 kwa kuta, na futi 7 za upana wa inchi 3 kwa sakafu.

Fundi akate kwanza mbao mbili za urefu wa futi 2 na nyingine mbili za futi 1, azipigilie pembeni zipate kuwa kama fremu ya dirisha. Mbao za futi 2 zikipigiliwa kwa nje, sanduku litapungua au kuzidi kidogo kwa unene wa ubao. Hilo halina madhara. Kisha akate vipande 7 vya futi 1, avipange chini ya fremu, aache nafasi ya nusu inchi hivi kati ya kipande na kipande. Nafasi hizo ndizo njia ya maji. Sanduku lisilo na njia ya maji huozesha mizizi, na miche hufa kwa kuzama kabla mafuriko hayajafika.

Baada ya hayo huja sehemu iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni mikono ya kubebea. Zichukuliwe fito mbili imara za urefu wa futi 4, unene wa mpini wa jembe. Zipigiliwe katika kuta ndefu, moja kila upande, zitokeze futi moja mbele na futi moja nyuma. Sasa sanduku limekuwa kama machela ya mgonjwa: mtu mmoja hushika mbele na mwingine nyuma. Fito zikiwa za mathenge, misumari itapinda au kupasua mti. Basi zitobolewe kwanza kwa msumari uliopashwa moto mpaka ukawa mwekundu, huku umeshikwa kwa koleo.

Sanduku lisiwekwe chini. Lisimamishwe juu ya kichanja chenye miguu minne, kimo cha kiuno cha mtu, ili kuku wasichakure na ili asimamiaye asiumwe mgongo. Mbuzi huweza kufikia kimo hicho. Kwa hiyo kichanja kizungushiwe matawi ya miiba. Sanduku lisipigiliwe misumari kwenye kichanja. Likae tu juu yake, tayari kwa safari.

UDONGO NA MBEGU

Udongo mzuri kwa sanduku ni mafungu mawili ya tope la mto lililokauka na kupondwa, fungu moja la samadi ya zamani isiyo na joto, na fungu moja la mchanga. Tope peke yake hugandamana. Mchanga peke yake hauna chakula. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ni vema udongo huo umwagiwe maji yanayochemka na kuachwa upoe siku moja kabla ya kupanda, ili kuua wadudu na ukungu unaoangusha miche michanga.

Chini kabisa yatandazwe majani makavu ya mgomba, ili udongo usipite katika nafasi za sakafu. Kisha udongo utiwe hadi inchi 3, ibaki inchi moja ya kuzuia maji yasimwagike nje. Udongo wa kiasi hicho, ukisha kulowa, huwa na uzito wa kilo 20 hivi, nao ni mzigo usiowashinda watu wawili, hata wakiwa mama na mwanawe.

Mistari ya mbegu ichorwe kwa kukata upana wa sanduku, ikiachana inchi 3. Sanduku hupata mistari 7. Miche ikisha kuota ipunguzwe, ibaki 10 katika kila mstari. Jumla ni miche 70. Idadi hiyo yaonekana ndogo, lakini sukuma wiki 70 zilizopandwa kwa nafasi ya futi 2 kwa futi moja na nusu hujaza bustani yenye urefu wa futi 21 na upana wa futi 10. Bustani ya kadiri hiyo, ikitunzwa, yaweza kuipatia nyumba majani kwa miezi kadhaa.

Maji yatiwe asubuhi na jioni, kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Kivuli cha makuti kiwekwe juu mpaka miche iote majani mawili ya kweli, kisha kipunguzwe polepole. Wiki moja kabla ya kuhamisha, kivuli kiondolewe kabisa na maji yapunguzwe, ili miche izoee maisha magumu ya shambani.

SIKU YA KUONDOKA

Maji ya Tana hujaa Kulesa hata pale ambapo mawingu hayajaonekana Kulesa. Mvua hunyesha milimani, mito ya juu hujaza mabwawa, na bwawa kubwa la Masinga, lililokamilishwa mwaka 1981, likijaa hufurika na kuyapeleka maji hadi mabwawa yaliyo chini yake, na hatimaye hadi Garissa na Garsen. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Siku hizo ndizo zawadi ya mkulima mwenye masikio. Radio na wakuu wa serikali wanapotangaza kwamba Masinga limefurika, au kwamba maji yamepanda Garissa, huo si wakati wa kubishana kama yatafika au hayatafika.

Kila nyumba iamue mapema mambo mawili: ni mahali gani palipoinuka ambapo masanduku yatapelekwa, na ni nani atakayeyabeba. Ukutani mwa nyumba huweza kuonekana mstari ulioachwa na maji ya mafuriko yaliyopita. Mahali pa kupelekea miche pawe juu ya mstari huo kwa kadiri kubwa, wala pasiwe kisiwa kitakachozungukwa na maji. Maisha ya watu, bila shaka, ndiyo ya kwanza. Mtu asirudi ndani ya maji yaendayo kasi kwa ajili ya miche 70. Mamba na kiboko nao husafiri na mafuriko. Ndiyo maana kazi hii hufanywa wakati njia ingali kavu.

MTUMBWI WA ZAMANI

Katika vijiji vya Tana mtumbwi ni kama baiskeli ya nyumba. Huchongwa kwa gogo la mti mkubwa, huvusha watu na mavuno kwa miaka mingi, na mwishowe hupasuka. Kwa kawaida huachwa ukingoni uoze, au hupasuliwa kuni. Lakini tundu lililoufanya usifae kwa mto ndilo linaloufanya ufae kwa bustani, maana maji ya ziada hupata pa kutokea.

Mtumbwi uletwe karibu na nyumba, uwekwe juu ya mawe au magogo ili tumbo lake lisiguse ardhi, kisha matundu makubwa yafunikwe kwa vigae vya chungu bila kuyaziba kabisa. Tandiko la chini liwe vijiti na majani makavu; juu yake utiwe udongo wa namna ile ile ya sanduku. Ndani yake zipandwe mboga zenye mizizi mifupi, kama mchicha, dania na vitunguu vya majani. Mtumbwi uliojaa udongo haubebeki, lakini mto unaweza kuusukuma na kuupindua. Ufungwe kwa kamba nene katika shina la mwembe. Kinu kilichopasuka nacho hutosha mche mmoja wa pilipili, na huweza kusimama mlangoni pa jiko ambapo maji ya kuoshea mboga hayakosekani.

VYOMBO VIDOGO

Mpini wa jembe uliokatika usitupwe. Kipande cha futi moja, kikichongwa ncha, huwa kijiti cha kutobolea mashimo ya miche. Kikichorwa alama kwa kisu kila baada ya inchi moja, huwa pia kipimo cha kina. Vigingi viwili na kamba kati yake hunyoosha mistari ya bustani. Kamba hiyo ikifungwa fundo kila baada ya futi moja na nusu, mpandaji hahitaji kukisia nafasi.

Vibao vyembamba vya kasha, urefu wa kiganja, huchomekwa katika sanduku na kuandikwa kwa makaa jina la mbegu na tarehe ya kupanda. Jambo hili laonekana la watoto wa shule, lakini humfundisha mtu kwa hakika ni mbegu ipi iliyoota vizuri na ipi iliyomla fedha bure.

Kwa nyanya na mimea itambaayo, fito tatu za mathenge zenye urefu wa futi 5 zifungwe pamoja juu kwa ukili wa mkoma, zitanuliwe miguu chini kama mafiga ya jiko. Tegemeo la namna hii halianguki kwa upepo kama kijiti kimoja, nalo baada ya mavuno hukunjwa na kuhifadhiwa darini kwa msimu mwingine.

MCHWA, NA MAISHA YA MBAO

Adui wa vyombo hivi vyote ni mchwa na unyevu. Miguu ya kichanja isimame juu ya mawe bapa, na majivu ya jiko yamwagwe kuizunguka kila yanapooshwa na mvua. Ncha za vigingi zichomwe kidogo motoni mpaka ziwe nyeusi. Hilo hufanywa ili kupunguza kuoza. Wengine huweka miguu ya kichanja katika makopo ya maji. Njia hiyo huzuia mchwa lakini huzaa mbu, na mbu ni adui mbaya kuliko mchwa. Sanduku likimaliza kazi yake limwagwe udongo, lipigwe brashi, lianikwe juani siku mbili, kisha liwekwe juu, mahali pakavu.

Mtu aweza kuuliza kwa nini asitumie mifuko ya plastiki, ambayo ni mepesi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa sababu ilikuwa imejaa mitaroni na matumboni mwa ng’ombe. Vifuko vya miche vikichukuliwa na mafuriko huenda hadi deltani na baharini, wala haviozi. Sanduku la mbao likichukuliwa na mto, hasara ni ya mwenyewe tu. Samaki na ng’ombe hawalipi deni lake.

Na yuko atakayesema kwamba ubao ni kuni, na chakula hakiivi kwa miche. Neno hilo ni la kweli katika nyumba ambamo kuni hutafutwa mbali. Lakini mbao za futi 13 zikitiwa mekoni huivisha chungu kimoja au viwili, na kesho yake ni majivu. Mbao hizo hizo zikiwa sanduku huotesha mboga msimu baada ya msimu. Na siku zitakapochakaa kabisa, bado mekoni zitakaribishwa.

Watu wa Tana si wao peke yao waishio na mto wa namna hii. Katika nchi ya Bangladesh, ambako maji hufunika mashamba ya mabondeni kwa miezi mingi, wakulima husuka vitalu vya magugu ya majini vinavyoelea, wakapanda miche juu yake. Mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ustadi huo kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa ulimwengu. Wakulima hao hawakungoja ukuta wa kuzuia mto. Walitazama kilichokuwa karibu nao, wakakitumia.

Katika bonde la chini la Tana maji huwa mengi mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za Aprili na Mei, na tena baada ya zile za Novemba. Kwa hiyo mwezi wa Februari ndio mwema kwa kutafuta mbao na kugongomea masanduku, na Septemba ndio mwema kwa kuyakagua na kubadili vipande vilivyooza. Mbegu zipandwe Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Ndipo mto ukifika utakuta kichanja kitupu, na ukirudi kitandani mwake utawaacha watu na ardhi iliyolowa na miche mkononi.